Mauaji ya Karen: Mapenzi, Wivu na Filamu ya White Mischief

White Mischief ni filamu ya Uingereza iliyotoka mwaka 1987 chini ya uongozaji wa Michael Radford. Inahusu mapenzi yaliyomfanya mtu mmoja apigwe risasi, mwingine apandishwe kizimbani kisha ajitoe uhai, na mwanamke mmoja abaki akinyooshewa kidole maisha yake yote. Kiini cha kisa hicho si cha kubuni. Kilitokea Nairobi na viunga vyake kuanzia Novemba 1940, miongoni mwa walowezi wa Kiingereza, na mpaka leo hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani. Filamu imejengwa juu ya kitabu cha jina hilohilo cha mwandishi wa habari James Fox, kilichochapishwa mwaka 1982. Kitabu hicho nacho kilitokana na uchunguzi ambao Fox aliufanya pamoja na Cyril Connolly kwa ajili ya gazeti la Sunday Times mwaka 1969.

Ili kisa kieleweke ni lazima kwanza kulijua kundi la watu lililokizaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, baadhi ya watoto wa makabaila wa Ulaya na matajiri wa Marekani walihamia Kenya na kujijengea nyumba katika bonde la Wanjohi, kati ya safu ya Nyandarua na mlima Kipipiri. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeitenga nyanda hiyo kwa Wazungu peke yao, na wenyeji walibaki kuwa vibarua na watumishi wa nyumbani juu ya ardhi hiyohiyo. Walowezi wengi waliomenyeka kwa kilimo na mifugo hawakulipenda kundi la Wanjohi, kwa kuwa sifa yake haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya ulevi, dawa za kulevya, na wake na waume waliobadilishana vitanda bila haya. Wazungu waliliita bonde hilo Happy Valley. Mjini, kituo chao kilikuwa Muthaiga Club, iliyofunguliwa mwaka 1913.

Kinara wa kundi hilo alikuwa Josslyn Hay, kabaila wa Uskochi mwenye cheo cha Earl wa Erroll. Alifika Kenya mwaka 1924 akiwa na mke wake Idina Sackville, ambaye alikuwa amekwisha kuolewa na kuachika mara mbili kabla ya kuolewa naye. Ndoa ya Erroll na Idina ilivunjika mwaka 1930. Mwaka huohuo Erroll alimwoa Mary Ramsay-Hill, mwanamke mwenye fedha, wakakaa katika jumba la Oserian kando ya Ziwa Naivasha. Mary alifariki mwaka 1939. Erroll alikuwa mtanashati, mwenye maneno matamu na mfuko mtupu, na ilijulikana koloni zima kwamba alipenda zaidi wake za watu. Hata hivyo hakuwa mtu wa starehe tu. Mwaka 1934 alijiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza, baadaye akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na vita vilipoanza alipewa kazi ya kijeshi Nairobi inayohusu uandikishaji wa watu. Filamu inaupitia upande huo haraka mno, na hilo ni pungufu, maana hapo ndipo yalipochipuka baadhi ya madai mapya kuhusu kifo chake.

Novemba 1940 akatua Kenya Sir Jock Delves Broughton, mwenye mashamba Uingereza aliyekwisha kutapanya sehemu kubwa ya urithi wake, hasa kwa kamari ya farasi. Alifuatana na Diana Caldwell, waliyeoana mjini Durban tarehe 5 mwezi huohuo. Bwana alikuwa na miaka 57, bibi miaka 27. Kabla ya ndoa walikubaliana jambo lisilo la kawaida: iwapo Diana angempenda mwanamume mwingine aliye kijana, Broughton asingemzuia, angempa talaka, na tena angemlipa pauni 5,000 kila mwaka kwa muda wa miaka saba.

Msomaji wa Kasoli, au popote Usukumani ambako ndoa hufungwa kwa ng'ombe mbele ya koo mbili na ikivunjika ng'ombe hao wana hesabu yake, ataona mambo hapa yamegeuzwa chini juu: mume ndiye aliyeahidi kulipa ili aachwe. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inampa mume au mke aliyetendewa nafasi ya kumdai mgoni fidia mahakamani. Haikuwazia kwamba aliyeibiwa ndiye angelipa. Lakini makubaliano ya Broughton yana mantiki yake. Mzee huyo alijua kwamba hakupendwa, akajaribu kununua muda. Aliweka bei ya kuachwa akiamini kwamba kitu chenye bei hakiwezi kumshtukiza mwenye nacho. Hilo ndilo wazo lenye nguvu kuliko yote katika filamu, na Joss Ackland, aliyeigiza nafasi ya Broughton, analibeba kwa uso uliotulia kupita kiasi, mpaka mtazamaji anaanza kuuogopa utulivu wenyewe.

Muda alioununua haukufika hata miezi mitatu. Diana na Erroll walikutana Muthaiga, na kufikia Januari 1941 walikuwa wakicheza dansi mbele ya macho ya watu wote. Broughton akaanza kupokea barua zisizo na jina zilizomkejeli kwa kuibiwa mke. Tarehe 18 Januari Diana alimweleza mumewe wazi kwamba anampenda Erroll. Siku chache baadaye Broughton alitoa taarifa polisi kwamba nyumbani kwake Karen, kitongoji cha Nairobi, zimeibwa bastola zake mbili. Usiku wa tarehe 23, mume, mke, hawara na rafiki yao June Carberry walikula pamoja chakula cha jioni Muthaiga Club. Hapo Broughton aliinua glasi yake akawatakia wapenzi hao wawili furaha na mtoto. Kisha akamwomba Erroll jambo moja tu: amrudishe Diana nyumbani kabla ya saa tisa usiku.

Erroll alitimiza ahadi. Alimfikisha Diana Karen yapata saa nane na nusu, akaondoka na gari lake aina ya Buick. Saa tisa hivi, Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa Nairobi walilikuta gari hilo limeacha barabara na kuingia shimoni, karibu na njia panda ya Karen na Ngong, taa zikiwaka. Ndani yake, sakafuni, Erroll alikuwa amejikunyata, amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 39. Mwanzoni ilidhaniwa ni ajali. Jeraha la risasi nyuma ya sikio lilipotambuliwa, gari lilikuwa limeshavutwa na nyayo zimeshakanyagwa na kila aliyefika pale. Ushahidi mwingi ulipotea kwa uzembe wa saa hizo chache.

Siku hiyohiyo Broughton alifanya mambo mawili ambayo yalimwandama baadaye. Alikwenda chumba cha maiti na kuomba leso ya Diana iwekwe juu ya mwili wa marehemu. Na nyumbani kwake aliwasha moto bustanini. Katika majivu polisi walikuja kuokota mabaki ya viatu vya raba na soksi yenye alama za damu. Alikamatwa tarehe 10 Machi.

Kesi ilianza tarehe 26 Mei 1941 mbele ya Jaji Mkuu Sir Joseph Sheridan, na ilijaza ukumbi wa mahakama Nairobi siku baada ya siku. Walioketi kuamua hatia au usafi wa mshtakiwa walikuwa wanaume Wazungu watupu, kwa kuwa hiyo ilikuwa haki ya mshtakiwa wa Kizungu katika koloni. Diana mwenyewe, ambaye watu wa klabu walikuwa wakimtazama kama chanzo cha balaa, alisafiri hadi Johannesburg kumtafutia mumewe wakili hodari, Harry Morris. Upande wa mashtaka ulijenga hoja yake juu ya risasi. Ulidai kwamba zilizomuua Erroll zilitoka katika bastola ileile ambayo Broughton aliwahi kufanyia mazoezi ya shabaha kwenye shamba la rafiki yake huko Nanyuki, na kwamba bastola hiyo ilikuwa mojawapo ya zile mbili alizosema zimeibwa. Morris akakishika kitu kimoja tu na hakukiachia. Bastola za Broughton zilikuwa za aina ya Colt, ambazo mtutu wake una mifereji sita inayozunguka kuelekea kushoto. Risasi za mauaji zilikuwa na alama za mifereji mitano inayozunguka kuelekea kulia. Wataalamu wa serikali walilazimika kukubali kwamba risasi hizo hazikutoka katika Colt. Bastola yenyewe haikuonekana kamwe. Tarehe 1 Julai Broughton aliachiwa huru.

Uhuru haukumfaa. Jamii ya walowezi ilimtenga, ndoa ikasambaratika, naye akarudi Uingereza. Desemba 1942 alikufa katika hoteli ya Adelphi mjini Liverpool kwa kujidunga mofini nyingi kupita kiasi. Diana alibaki Kenya. Mwaka 1943 aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji tajiri aliyeishi karibu na Wamaasai na kuijua lugha yao. Mwaka 1955 akaolewa na Lord Delamere wa nne, mwana wa kiongozi wa walowezi wa mwanzo. Alifariki mwaka 1987, mwaka uleule filamu ilipotoka.

Radford aliipokea historia hii pamoja na ugumu wake wote, kwa maana hadithi ya mauaji yasiyo na muuaji aliyethibitishwa haina mwisho, na sinema inataka mwisho. Yeye na mwandishi mwenzake Jonathan Gems waliamua kuegemea upande wa Broughton kuwa ndiye mhusika. Kisha wakakibadilisha kifo chake. Badala ya chumba cha hoteli Liverpool, maelfu ya maili kutoka kwa Diana, filamu inamfanya ajipige risasi Kenya, mbele ya macho ya mke wake. Diana anakimbia akiwa na damu mwilini, na anakowakuta watu ni kwenye sherehe ya vinywaji inayofanyika kando ya kaburi la mmoja wao.

Badiliko hilo limelaumiwa na wapenzi wa historia, na lawama hiyo ina haki. Lakini kisanaa ndipo filamu inaposema inachotaka kusema. Broughton halisi alikufa kimya, peke yake, kama mdaiwa aliyechoka. Broughton wa filamu anataka Diana aone. Kwa mtu aliyeyaweka mapenzi yake kwenye makubaliano ya fedha, kifo chenyewe kinakuwa malipo ya mwisho ambayo mwenzake hana namna ya kuyakataa. Wivu wa aina hii hauwezi kuitwa mapenzi yaliyozidi. Ni hesabu ya mali iliyokataa kufungwa. Greta Scacchi, anayemwigiza Diana, naye hakupewa nafasi ya kuwa malaika: Diana wake anapenda vito na nguo, anajua bei yake mwenyewe, na anaanza kumpenda Erroll kweli kwa mshangao unaoonekana usoni. Charles Dance anamwonyesha Erroll kama mtu aliyezoea kupendwa kiasi kwamba hana tena haja ya kuwa mwangalifu.

Upo uhusika mwingine katika filamu unaostahili kutazamwa kwa makini, na kwa baadhi ya watazamaji ndio unaobaki kichwani kuliko Diana. Ni Alice de Janzé, Mmarekani tajiri aliyewahi kuwa mpenzi wa Erroll, anayeigizwa na Sarah Miles. Historia ya Alice peke yake ingetosha filamu nzima. Mwaka 1927, katika stesheni ya treni ya Gare du Nord mjini Paris, alimpiga risasi mpenzi wake Raymond de Trafford aliyekuwa anamwacha, kisha akajipiga mwenyewe. Wote wawili walipona. Mahakama ya Ufaransa ilimpa kifungo cha nje, na mwaka 1932 aliolewa na huyohuyo aliyempiga risasi, lakini ndoa haikudumu. Erroll alipouawa, Alice alikuwa mmoja wa waliofika kuuona mwili wake. Radford alilipanua tukio hilo la chumba cha maiti hadi mipaka ambayo watazamaji wengi waliona imepita kiasi, kwa kuchanganya msiba na tamaa ya mwili ndani ya pumzi moja. Septemba 1941 Alice halisi alijiua nyumbani kwake Wanjohi. Filamu inamfanya awe kioo cha Broughton. Mmoja anafuata mapenzi hadi mwisho waziwazi, mwingine anayaficha chini ya adabu za klabu, na wote wawili wanaishia mahali pamoja.

Filamu ya zama zilizopita huishi au hufa kwa vitu vidogo, na hapa White Mischief imefanya kazi nzuri. Ilipigwa picha Kenya kwenyewe, na mpiga picha wake alikuwa Roger Deakins, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wapiga picha wanaoheshimiwa zaidi duniani. Mwanga wake ni mkali na wa vumbi la dhahabu, lakini haubembelezi. Miaka miwili kabla, Out of Africa ilikuwa imeonyesha Kenya ya walowezi kama paradiso na kushinda Tuzo saba za Oscar. Radford aliichukua mandhari hiyohiyo, pamoja na jina la kitongoji cha Karen ambacho kila mtazamaji alikihusisha na Karen Blixen, mwandishi wa kitabu cha Out of Africa, akaonyesha watu wanaoamka mchana, wanaochoka na uzuri unaowazunguka na wasiojua la kuufanyia. Kuchoshwa ndiko kunakotangulia uhalifu katika filamu hii. Yeyote aliyetazama Out of Africa akaipenda inafaa aitazame na hii.

Uwepo wa Waafrika ni suala lingine. Wanaonekana karibu katika kila tukio, wakibeba trei, wakifungua malango, wakisimama nyuma ya viti, na ni mara chache wanasema sentensi nzima. Inawezekana kuitetea filamu kwa kusema kwamba inawaonyesha kama walowezi wenyewe walivyowaona, yaani kama sehemu ya samani. Utetezi huo unakubalika nusu, kwa kuwa Waafrika nao walikuwa ndani ya historia hiyo. Vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vikiendelea wakati uleule. Mwezi aliouawa Erroll, majeshi ya Uingereza yalikuwa yakijiandaa Kenya kuwashambulia Waitalia Somalia, na Februari 1941 Kismayu na Mogadishu zilitwaliwa. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika, wengine wao kutoka Usukumani, walivaa sare za jeshi la King's African Rifles (KAR). Wapishi na wahudumu wa Muthaiga waliokuwa kazini usiku ule huenda walijua mengi kuliko polisi. Filamu ambayo ingekaa jikoni badala ya sebuleni ingekuwa filamu tofauti kabisa, na bado haijatengenezwa.

Baada ya filamu, madai kuhusu muuaji yaliongezeka badala ya kupungua. Mwaka 1999 Juanita Carberry, aliyekuwa msichana wa miaka 15 wakati wa mauaji na June akiwa mama yake wa kambo, alichapisha kumbukumbu zake akisema Broughton alikiri mbele yake siku chache baada ya tukio. Mwaka uliofuata mwandishi Errol Trzebinski alitoa kitabu kinachodai kwamba Erroll aliuawa na watu wa ujasusi wa Uingereza kwa sababu za kisiasa, na kwamba kisa cha mapenzi kilikuwa pazia tu. Mwaka 2010 Paul Spicer akamtuhumu Alice de Janzé. Dai la ujasusi linavutia, kwa kuwa linaukumbuka ufashisti ambao filamu iliuruka. Lakini linadai watu wengi wawe wamenyamaza kwa muda mrefu mno, ilhali moto wa bustanini na bastola zilizopotea zinabaki palepale bila maelezo mengine mazuri.

Kwa mtazamaji wa Tanzania, filamu inayofaa kuwekwa sambamba na hii ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na inasimulia Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwanzo wake unafanana na ule wa Nairobi kwa namna ya kushangaza: Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa mwanamume mwenye umri mkubwa sana kwake, anaikimbia ndoa, anaangukia katika mapenzi na Denge, kijana mpigania uhuru. Hapo pia kuna mume mzee, mke kijana, mwanamume wa tatu, na dola ya Uingereza imewazunguka wote. Tofauti ni kwamba Yasmin na Denge wana jambo nje ya miili yao. Siasa inawapa kazi ya kufanya pamoja, na hatari inayowanyemelea inatoka kwa polisi wa mkoloni kuliko kwa mume aliyeachwa. Mapenzi yao yanaumiza, lakini hayageuki kuwa ugonjwa. Huko Karen, Diana na Erroll hawakuwa na chochote cha kufanya isipokuwa wao wenyewe, na Broughton hakuwa na chochote isipokuwa Diana. Tanzania iliiteua Vuta N'Kuvute kuiwakilisha nchi katika kinyang'anyiro cha Oscar mwaka 2022.